Safari ya wawili bonde la Ruaha, na neno lililokwama nyumbani

CHUKUA mfano wa mume na mke wanaoishi Kongwa mjini. Mume ni mwalimu wa sekondari mwenye miaka 46. Mke ananunua mahindi na alizeti vijijini na kuuza soko la nafaka la Kibaigwa. Wana watoto watatu na ndoa ya miaka 17. Hawagombani, na majirani wakitaka kutaja ndoa tulivu huwataja wao.

Lakini ukiingia ndani utakuta jambo jingine. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mume anachelewa kwenda kulala. Anabaki sebuleni na madaftari ya wanafunzi mpaka mkewe asinzie, kisha anaingia kimyakimya na kugeukia ukutani. Mwanzoni mke alidhani ni uchovu. Baadaye akaanza kuhesabu siku, na baada ya hapo akaanza kuitazama simu ya mumewe kila inapoita.

Hakuna aliyeuliza, wala aliyesema. Watoto wapo, mama mkwe huja mara kwa mara kutoka Mpwapwa, kuta za nyumba ni nyembamba. Mambo ya chumbani yakabaki chumbani, na hata huko hayakuzungumzwa.

Ni mke aliyelianzisha. Msimu wa mahindi ulikwenda vizuri, akaweka fedha pembeni, na likizo ya Juni ilipokaribia akamwambia mumewe: “Baba watoto, tuazime gari la kaka yako. Twende siku nne, wewe na mimi tu.”

Mume alicheka akidhani ni utani. Mkewe hakucheka.

Safari haihitaji ndege

Wazazi wengi wakisikia mapumziko ya wapenzi hufikiria Zanzibar au hoteli za kwenye matangazo, kisha wanaahirisha mpaka watoto wamalize shule. Kwa mtu wa Kongwa, mzunguko mzuri kuliko mingi nchini unaanzia mlangoni kwake.

Unatoka Kongwa hadi Mbande, unakwenda Dodoma, kisha unashuka kusini hadi bwawa la Mtera na kupanda Iringa. Kurudi, unashuka mlima wa Kitonga, unafuata bonde la mto Ruaha Mkuu hadi Mikumi, unapita Morogoro na Gairo, halafu Kibaigwa, na uko nyumbani. Njia yote ni lami. Kwa jumla ni kama kilomita 850, na ukiongeza mizunguko ya mijini weka 900. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litatumia lita 90 hivi za mafuta. Zidisha kwa bei ya sheli ya siku hiyo, ongeza malazi ya usiku tatu na chakula, na utajua mapema kama mfuko unatosha au kama mtafute safari fupi zaidi.

Gari lina faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye matangazo. Ndani ya gari watu wawili hukaa bega kwa bega, wote wakitazama mbele. Kwa mtu mwenye jambo zito, hasa mwanamume aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mambo yake ya ndani hayasemwi, ni rahisi kulitoa akiwa anatazama barabara kuliko akiwa anatazamwa machoni. Pia hakuna mtoto atakayeingia kuomba kalamu.

Mama mkwe alikuja siku moja kabla. Alikabidhiwa wajukuu, unga, na namba za simu. Katika wilaya ambayo tangu miaka ya 1980 imejulikana kwa utafiti wa ugonjwa wa macho wa trakoma, bibi hakuhitaji kukumbushwa kuwaosha watoto nyuso asubuhi. Alichosema ni kimoja tu: “Nendeni, wanangu. Lakini mrudi mnaongea.”

Kumbe naye aliona.

Siku ya kwanza: Mtera

Waliondoka saa 12 asubuhi, baridi ya Juni ikiwa bado kali na upepo wa Kongwa ukivuma kutoka upande wa ranchi. Saa 2 walikuwa Dodoma wakinywa chai. Mke alikwenda kununua maji. Mume akabaki karibu na gari, na kijana mmoja mwenye kibegi akamsogelea akinong'ona. Dakika mbili baadaye mume alikuwa na kipakiti kidogo cha unga mfuko wa ndani wa koti. Mitaani huitwa vumbi la Kongo.

Kutoka Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260. Zamani barabara hii ilikuwa vumbi na makorongo, na watu wengi walizunguka Morogoro kuliko kupita humo. Sasa ni lami, na ni sehemu ya ile barabara ya kale inayounganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Unapita vijiji vya Wagogo, ng'ombe wakivuka barabara kwa mwendo wanaoutaka wao, kisha nchi inaanza kushuka milima ya Fufu na joto linaongezeka. Mibuyu inaonekana mmojammoja, halafu kwa makundi.

Karibu nusu ya njia, maji yanatokea. Bwawa la Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu iliyo chini zaidi ya mto, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kuzalisha umeme, megawati 80. Upande mmoja ni mkoa wa Dodoma, upande wa pili ni Iringa. Eneo la ukuta na mitambo ni la ulinzi, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni mpaka umeuliza.

Walikula samaki wa kukaanga na ugali kwa mama lishe, mikono ikinuka ndimu. Mke alitaka kwenda kuchovya miguu. Mama lishe akamzuia kwa sauti: kuna mamba, na viboko wana njia zao. Liko na jambo dogo zaidi la kuogopa. Maji yaliyotuama ya mabwawa na mito yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Uzuri wa Mtera utazameni mkiwa nchi kavu.

Mchana ule walicheka mara mbili. Mke alizihesabu.

Baada ya Migoli barabara inapanda mlima wa Nyang'oro, hewa inabadilika, na saa 9 alasiri waliingia Iringa. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni unataka sweta na blanketi mbili.

Usiku wa Iringa

Hapa ndipo safari nyingi za wapenzi hukwama, na ni vizuri wazazi walijue hilo kabla. Nyumbani kuna sababu elfu za kutokaribiana: watoto, kazi, uchovu, mgeni. Kwenye chumba cha kukodi sababu hizo zimebaki nyuma. Mtu anajiona kama yuko kwenye mtihani, na kadiri anavyotaka kufaulu ndivyo mwili unavyogoma.

Mume aliingia bafuni na kile kipakiti. Alikitazama. Kichwa chake kilikuwa kizito tangu Nyang'oro, na moyo ulikuwa unadunda masikioni. Kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuielewa vizuri, alikirudisha kwenye koti. Alitoka akasema, “Nimechoka na barabara, mama watoto.”

Mke hakujibu. Aligeukia ukutani. Safari hii ni yeye aliyegeuka.

Kesho yake walitembea kama watu wanaotimiza ratiba. Walikwenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kutazama nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe walizoacha watu wa kale. Jioni walipanda mwamba wa Gangilonga, mahali pa kuuona mji wote jua likizama. Kwa Kihehe jina hilo humaanisha jiwe linaloongea. Wawili hawa walikaa juu yake karibu saa nzima na hawakuongea.

Foleni ya Kitonga

Siku ya tatu walianza kurudi. Baada ya Ilula yenye nyanya na vitunguu, barabara inafika ukingoni mwa nyanda za juu na kuanza kushuka Kitonga. Ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, malori ya Zambia na Kongo yakishuka kwa gia ndogo huku breki zikinuka. Dereva wa gari dogo naye anatakiwa kushuka kwa gia ndogo, aache nafasi ya kutosha mbele yake, na asipite lori kwenye kona hata kama walio nyuma wanampigia honi.

Katikati ya mteremko magari yalisimama. Lori moja lilikuwa limeharibika kwenye kona na kuziba njia. Mwenye basi akazima injini, abiria wakashuka, nyani wakasogea kuomba ndizi. Hakuna aliyejua foleni itaisha saa ngapi.

Vijana walipita wakiuza maji. Mke alitafuta sarafu kwenye pochi, hakupata, akaingiza mkono kwenye koti la mumewe lililoning'inia nyuma ya kiti. Akatoa kile kipakiti.

Anakijua. Sokoni Kibaigwa kinauzwa hadharani, na wanawake hukicheka.

“Hiki cha nani?” aliuliza.

Mume alinyamaza.

“Nauliza, baba watoto. Kwangu hujakitumia. Sasa unakitumia kwa nani?”

Hakuna pa kwenda katikati ya Kitonga. Mbele lori, nyuma basi, kushoto mwamba. Nyumbani angetoka nje akasema anakwenda kumwona mtu. Pale alishika usukani wa gari lililozimwa, akatazama mbele, na kusema.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa upimaji wa afya, aliambiwa ana presha. Alipewa dawa, akaambiwa ni za kila siku. Hakumwambia mkewe kwa sababu hakutaka aogope. Baba yake mwenyewe alianguka kwa kiharusi. Baada ya miezi kadhaa aliona mwili haufanyi kazi kama zamani. Kijiweni mwalimu mwenzake akamwambia ni zile dawa, “zinaua mume”. Akaziacha. Mwili haukurudi. Akaona aibu kurudi kliniki, akaona aibu kulala mapema, akaona aibu ya kila kitu.

“Hakuna mtu mwingine,” alisema. “Ningekuwa na nguvu ya mtu mwingine, ningeileta nyumbani.”

Mke alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mume hakulitarajia: “Kwa hiyo una presha, na hujanywa dawa kwa muda gani?”

“Mwaka na miezi mitatu.”

“Na ungekinywa hiki?”

Hapo ndipo alipolia. Alikuwa amejiandaa kumlilia mwanamke mwingine, na sasa alikuwa akilia kwa kufikiria asubuhi ya Iringa ambayo angeamka peke yake.

Kilicho kweli kuhusu presha na nguvu za kiume

Maelezo aliyopewa mwalimu kijiweni yana ukweli kidogo na upotofu mwingi, na ndiyo maana yanaua.

Shinikizo la juu la damu ni pale vipimo vinapokuwa 140 kwa 90 au zaidi, vikirudiwa siku tofauti. Mara nyingi halina dalili. Linaharibu mishipa ya damu taratibu: ya moyo, ya figo, ya ubongo, ya macho. Mishipa ya uume ni midogo, na nguvu za kiume zinategemea damu ijae kwenye mishipa hiyo. Kwa hiyo presha yenyewe, ikiachwa bila tiba, ni sababu kubwa ya kupungukiwa nguvu za kiume. Kisukari na uvutaji wa sigara vinaongeza tatizo, na pombe nyingi pia. Kwa wanaume wengine kupungukiwa huko ndiyo ishara ya kwanza kwamba mishipa ya moyo nayo ina shida.

Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha, hasa baadhi ya zile za kuongeza mkojo na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kuleta tatizo hilo kwa watu wengine. Lakini dawa za presha ni za makundi mengi, na kuna makundi ambayo mara chache huathiri tendo la ndoa. Mgonjwa akisema, daktari anaweza kubadilisha dawa au kipimo. Asiposema, daktari hana namna ya kujua.

Kuacha ghafla ni hatari. Shinikizo linaweza kupanda tena, na kwa baadhi ya dawa linapanda kwa kasi. Mtu hahisi chochote mpaka siku ya kiharusi.

Hofu nayo ina sehemu yake. Mwanamume aliyeshindwa mara moja huingia mara ya pili akiwa na woga, na woga wenyewe hufunga mlango. Akiongeza siri, mke anaanza kushuku, nyumba inapoa, na mwili unashindwa zaidi. Ndiyo maana kuzungumza na mwenzi ni sehemu ya tiba kama kidonge kilivyo.

Kuhusu vipakiti vya mitaani: anayevinunua hajui kilichomo, na mara nyingi anayeuza naye hajui. Katika nchi mbalimbali imewahi kugundulika kwamba baadhi ya bidhaa zinazoitwa za asili zimechanganywa kwa siri na dawa za kisasa kama sildenafil. Dawa hiyo hutolewa hospitali kwa watu waliopimwa, na wapo wagonjwa wa presha wanaoitumia salama chini ya uangalizi. Lakini kwa mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, inaweza kuporomosha shinikizo la damu mpaka akapoteza maisha. Na kwa mtu ambaye presha yake iko juu na haijatibiwa, kipakiti kisicho na jina ni bahati nasibu.

Chini ya mlima

Foleni ilifunguka baada ya zaidi ya saa mbili. Mke akasema, “Shuka, niendeshe mimi.” Ana leseni na amezoea pikapu ya mahindi. Mume alihamia kiti cha abiria bila kubisha.

Walipofika chini, joto lilirudi. Barabara ilifuata bonde hadi Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vyekundu vilivyopangwa kwenye mifuko ya nyavu kando ya lami, kisha ikavuka mto. Maji yaleyale yaliyolala Mtera hapa yanakimbia kati ya miamba kuelekea Kidatu, na mwisho kuingia Rufiji. Mbele yake ni lile Bonde la Mibuyu, mibuyu maelfu imesimama kwenye miteremko pande zote, mikubwa kwa midogo, rangi ya majivu kwa kuwa majani yalishapukutika. Waliegesha mahali palipokuwa na nafasi salama nje ya barabara wakatoka. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za safari, na walikuwa wameipita usingizini kwenye basi mara nyingi.

Mume alitaka kusema jambo. Mke akamwambia, “Umeshasema. Tupumzike kwanza.”

Katika mji uliofuata waliingia kituo cha afya. Muuguzi alimpumzisha mume dakika tano, akampima: 172 kwa 108. Akarudia, ikawa karibu vilevile. Aliuliza kama ana maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona ukungu, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, au ulimi mzito. Hakuwa navyo. Kama angekuwa na hata kimoja, hiyo ingekuwa dharura ya kukimbizwa hospitali saa ileile. Tabibu alimuuliza historia yake, akamwandikia dawa za kuanzia tena, akamwambia asiendeshe siku hiyo, na ahakikishe ndani ya wiki moja amefika kliniki ya kwao. Mke alikuwa ndani ya chumba muda wote. Ndiye aliyesema lile ambalo mumewe lilimkwama: kwamba dawa za mwanzo aliziacha kwa sababu ya unyumba. Tabibu aliandika bila kuinua uso, kama mtu anayelisikia kila wiki.

Kile kipakiti kilibaki kwenye pipa la taka la kituo.

Mikumi na kurudi

Usiku wa tatu walilala Mikumi mjini. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, kwa hiyo watu wa Kongwa husahau. Morogoro si hivyo, na chandarua kilishushwa mapema. Usiku huo hawakujaribu lolote. Walilala wameshikana mikono. Mke alisema baadaye kwamba kwa mwaka mzima hicho ndicho alichokuwa anakitaka, kuguswa, hayo mengine angeyasubiri.

Hili nalo wanandoa wengi hawaliambiani. Mume anadhani bila tendo lenyewe hana cha kumpa mkewe, kwa hiyo anaacha hata kumshika bega. Mke anasoma kuachwa bega kama kuachwa yeye.

Asubuhi walivuka Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, barabara kuu ikipita katikati yake kwa kilomita 50 hivi. Mwendo una ukomo, vibao vipo, tochi za trafiki zipo, na anayegonga mnyama analipa faini kubwa. Dereva asiye na haraka anapata zawadi bila kulipa kiingilio: swala, twiga, pundamilia, na siku nyingine tembo kando ya lami. Usishuke kwenye gari kupiga picha.

Morogoro walikunywa chai. Baada ya Dumila wakapanda hadi Gairo yenye upepo, wakashuka Pandambili, wakafika Kibaigwa, na mke akapungia wenzake sokoni bila kusimama. Mume alikunywa kidonge chake saa ileile ya jana. Alilalamika kwamba kinamsimamisha kila baada ya kilomita 60 kutafuta choo. Mkewe akasimama kila mara.

Kabla ya kuwasha gari

Kwa wazazi wanaofikiria mzunguko huu au mwingine wa aina yake, mambo haya yasisahaulike.

Pimeni presha na sukari wote wawili kabla ya safari. Wanawake nao hupata presha, na wengi hugundua wakiwa wajawazito.

Dawa za kila siku ziwe kwenye mkoba wa ndani ya gari, zilizozidi siku mbili za safari, kwa sababu foleni haina ratiba. Usiruke dozi ya dawa ya mkojo eti kwa ajili ya safari. Muulize daktari kama unaweza kubadili saa ya kuinywa.

Simameni kila baada ya saa mbili, mtembee dakika kumi. Kukaa muda mrefu kunagandisha damu miguuni na kumsinziza dereva. Dereva akisinzia, kahawa haitoshi. Alale kidogo au ampishe mwenzake.

Mikanda ifungwe na wote wawili. Dereva asiguse pombe. Safari ya usiku iachwe, hasa Kitonga na Mikumi.

Mama mwenye mimba aonane na mkunga kabla ya kupanga safari, na achukue kadi yake ya kliniki. Wanaopanga uzazi wabebe vidonge vyao. Safari ya wawili imewahi kuleta mgeni wa tatu.

Chumvi ipungue hata njiani. Samaki wa Mtera ni mtamu na ndimu tu.

Watoto waachwe kwa mtu mnayemwamini, na waambiwe mnakwenda wapi na mnarudi lini. Mtoto anayeachwa gizani hudhani ameachwa.

Wiki iliyofuata

Jumatatu baada ya kurudi, mwalimu alikwenda kliniki Kongwa. Hakwenda peke yake. Daktari alibadilisha dawa, akampima na sukari, akampa tarehe ya kurudi baada ya wiki nne. Alimwambia ukweli pia: kushuka kwa presha kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na mambo ya chumbani yanaweza kuchukua muda mrefu zaidi au kuhitaji dawa nyingine itakayoandikwa hospitali. Hakumwahidi tarehe.

Vidonge sasa havifichwi kwenye droo ya ofisi ya walimu. Vinakaa juu ya kabati la vyombo, karibu na sukari, mahali ambapo kila mtu anaviona. Mtoto mdogo amejua kuuliza, “Baba, umekunywa?”

Bibi alikaa siku mbili zaidi kabla ya kurudi Mpwapwa. Usiku wa kwanza alisikia wanaongea chumbani mpaka karibu saa 6. Hakusikia maneno, na hakutaka kuyasikia. Alivuta shuka akalala.